Nusu ya Paji la Uso

Dada yangu hatumii kitu kabla hajakisoma. Ndivyo alivyo tangu tukiwa wadogo. Ukimpa pakiti ya biskuti ataigeuza nyuma, asome kilichomo, asome kiwanda kilipo, asome na tarehe ya kuharibika, na akija kuifungua anakuta mimi nimeshaifungua kwa upande wa pili. Mama alikuwa akisema mtoto huyu, Mungu angemwandikia maelezo mgongoni, angetafuta vioo viwili ajisome.

Kwa hiyo alipoota chunusi akiwa na miaka ishirini na sita, hakuanza kwa kulia. Alianza kwa kushangaa. Tulipokuwa shuleni uso wake ulikuwa laini kama sahani, wangu ndio ulikuwa njia ya kokoto. Mimi zangu zilikuja, zikanitesa, zikaaga. Zake zilikuja wakati wenzake wameshasahau habari hizo. Zilianza kwenye paji la uso, vipele vidogo vigumu kama punje za mtama. Baadaye vingine vikavimba, vikaiva, vikauma, na kila kilichopona kiliacha doa jeusi kama muhuri wa ofisi.

Kazi yake ni ususi. Saluni yao ina viti vinne vinavyotazama kioo kimoja kirefu cha ukuta mzima, kwa hiyo msusi hushinda anajiona, kichwa chake juu ya kichwa cha mteja. Wateja humwita Chapuchapu, kwa sababu wenzake wakiwa bado wanagawanya nywele kwa kitana yeye ameshafika kisogoni. Lakini hata ukiwa na mikono myepesi namna gani, kichwa cha nywele ndogondogo ni saa nne, na mtu aliyekaa kitini saa nne akikutazama kwenye kioo lazima atakushauri. Mmoja alisema apake dawa ya meno. Mwingine alisema limau. Wa tatu alisema sabuni ya mche ile ya kufulia, tena aiache ikaukie. Bibi mmoja mwenye mvi alisema aolewe, zitakwisha zenyewe.

"Bibi, wewe ulipoolewa zilikwisha?" dada akamuuliza.

"Sikuwa nazo."

Dawa ya meno ilimwachia alama nyeusi. Limau lilimtoa machozi. Sabuni ilimkausha paji likawa linavutana kila akicheka. Siku hiyo ndipo aliponishika mkono, akasema twende duka la dawa, na twende tukiwa tumeshakula, maana huko tutakaa.

Tulikaa kweli. Rafu ya vitu vya uso ilikuwa na safu tano, kutoka magotini hadi juu ya kichwa changu: tyubu, chupa za pampu, makopo, sabuni za kipande, vitambaa vilivyoloweshwa kabisa dawa. Zote ziliahidi. Moja iliahidi siku tatu. Dada akaanza safu ya chini, anachukua moja, anaigeuza, anasoma, anairudisha palepale ilipokuwa. Mimi nilikuwa nanusa.

"Karibuni," ilisema sauti nyuma yetu. "Mnanunua au mnasoma?"

Alikuwa mfamasia mwenyewe, mama wa makamo mwenye koti jeupe na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kukulazimisha usogee.

"Tunasoma kwanza," dada akajibu.

"Vizuri. Wengi wananunua kwanza, wanasoma wakishaungua. Zimeanza lini?"

"Huu mwezi wa nane sasa."

"Una mimba? Unanyonyesha?"

Dada akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeuliza. "Hapana."

"Usinune, mwanangu. Kuna vitu kwenye rafu hiyo ambavyo mjamzito simpi. Bora niulize nionekane mmbea. Kuna zinazovimba ndani kabisa kama jipu, zikipona zinaacha shimo?"

"Hapana."

"Kifuani? Mgongoni?"

"Hapana, paji tu."

"Basi tunaweza kuanzia hapa. Zingekuwa zile za mashimo ningekutuma kwa daktari wa ngozi, nisikuchezee. Umepaka nini mpaka sasa?"

Dada akamtajia. Alipofika kwenye limau, mfamasia alifumba macho. "Limau ni la chai," akasema. Kisha akachukua vitu vitatu rafuni, akavipanga kwenye kaunta.

"Hii ina benzoili peroksidi. Inaua vijidudu vinavyojificha ndani ya vitundu vya ngozi. Hii ina asidi ya salisili, inazibua vitundu vilivyoziba. Na hii..." Akainua kopo zuri kuliko yote, lenye mfuniko wa dhahabu. "Hii inanukia vizuri."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu basi."

Dada alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Akachukua tyubu mbili za benzoili peroksidi, moja ya asilimia mbili na nusu, nyingine ya asilimia kumi, akazishika moja kila mkono kama anapima. "Hii ya kumi si ndiyo kali zaidi?"

"Ndiyo kali zaidi kwa kubabua. Kwa kuponya, hii ndogo inafanya karibu kazi ileile. Anza na ndogo."

"Nikitumia hii pamoja na ile ya kuzibua?"

"Ukipona hutajua iliyokuponya, na ukiungua hutajua iliyokuunguza. Kitu kimoja kwa wakati mmoja."

Ningekuwa mimi, maneno hayo yangepita sikio hili na kutokea la pili. Dada yalimwingia. Nilimwona anayarudia kimyakimya kwa midomo.

Akapewa maelekezo. Anawe kwa sabuni ya maji isiyo na manukato, asubuhi na jioni, asisugue. Jeli ya asilimia mbili na nusu, kiasi cha punje ya njegere, mara moja kwa siku, kwanza aijaribu chini ya taya siku mbili tatu aone kama ngozi inaikubali. Mafuta mepesi ya uso yaliyoandikwa kwamba hayazibi vitundu. Mchana kinga ya jua, madoa yasizidi kukolea. Asitumbue. Na asubiri wiki nane kabla ya kusema dawa haifai.

"Wiki nane!" nikasema. "Lile kopo la rafuni linasema siku tatu."

"Lile haliishi na wewe. Likishanunuliwa halikujui."

Akaitungika miwani puani, akamwambia dada asogee kwenye mwanga wa mlango. Akamtazama kwa muda, akiinamisha kichwa upande huu na upande ule.

"Zina mpaka," akasema polepole. "Haziteremki mashavuni. Zimefuata mstari wa nywele kama ua linavyofuata kiwanja. Unafanya kazi gani?"

"Msusi."

"Ahaa."

Nyuma yetu mtu mwenye karatasi ya daktari alikuwa ameanza kukohoa kile kikohozi cha foleni. Mfamasia akatufungia vitu tulivyonunua. "Chunguza hukohuko kazini kwako. Ukigundua kitu, rudi uniambie. Na mimi napenda kujua."

Hapa lazima nikiri jambo. Ndani ya boksi la jeli kulikuwa na karatasi ya maelezo, nyembamba, iliyokunjwa mara nane. Dada aliisoma upande mmoja akiwa amesimama dirishani, akaitwa na mama akashike kitambaa cha kukata, akaiacha mezani. Mimi nilikuwa chuo cha ualimu, mtihani uko mlangoni, na nilihitaji kitu cha kuwekea alama kwenye kitabu. Karatasi ilikuwa nzuri, nyembamba. Nikaichukua. Upande wa pili haukusomwa na mtu.

Aliporudi kutoka kwa mama alikuwa na wazo.

"Nitapaka nusu," akasema.

"Nusu ya tyubu?"

"Nusu ya paji. Kulia napaka dawa, kushoto naosha tu na yale mafuta mepesi. Nikipaka kote zikapungua, nitajuaje si mwezi tu umepita zenyewe?"

Mama alisikia kutoka kwenye cherehani yake. Mama hushona sare za shule, na hakuna linalosemwa nyumbani mwetu ambalo kelele za cherehani huweza kulificha. "Utapona upande mmoja," akasema, "kama ukuta uliokimbiwa na fundi rangi."

Mimi nikawa karani. Kila Jumamosi asubuhi dada alikaa dirishani, mimi nikavuta uzi mweusi kutoka puani hadi juu ya paji, nikahesabu kila upande, nikaandika kwenye daftari. Jumamosi ya kwanza kulia zilikuwa ishirini na tatu, kushoto ishirini na moja.

Wiki ile ya kwanza alipaka jeli kama mtu anayepaka mkate siagi. Punje ya njegere ikawa njegere nzima na ganda lake. Siku ya nne upande wa kulia ukaanza kubanduka kama rangi kuukuu, na mteja mmoja akamuuliza kwa upole kama ameangukiwa na uji wa moto. Akapunguza, akawa anapaka siku moja, anaruka moja. Jumamosi ya pili kulia ishirini na nne, kushoto ishirini na mbili.

"Tupa," nikamwambia.

"Wiki nane, alisema."

"Zimeongezeka!"

"Zimeongezeka pande zote mbili. Andika."

Jumamosi ya tatu kulia zilikuwa kumi na saba. Kushoto zilibaki ishirini na moja. Nilihesabu tena, kwa ncha ya penseli, na dada hakupumua hadi nilipomaliza. Tulitazamana tukaanza kucheka kama watu waliookota kitu njiani.

Kicheko hicho hakikufika mchana. Mama alikuwa anafua. Mwaka ule alikuwa ametushonea foronya mpya kwa mabaki ya kitambaa kizuri, rangi ya damu ya mzee, na pembeni amezitia lesi. Tukamwona anaingia chumbani ameishika ya dada kwa mikono miwili, ameitandaza mbele yake kama bango. Katikati ilikuwa na mabaka ya rangi ya chungwa, mengine yamefifia hadi kukaribia weupe. Mama hakupiga kelele. Hapo ndipo nilipojua jambo ni zito.

"Unajichubua tangu lini?"

"Mama, sijichubui."

"Kitambaa hiki nimekifua kwa maji ya moto. Nimekifua kwa magadi. Hakijatoka rangi hata siku moja. Leo kimelaliwa na uso wako wiki tatu, kimekuwa hivi. Kama imechubua mto, itakuacha wewe?"

Dada akampa tyubu. Mama hakuisoma, aliishika tu, mikono yake ikiwa bado na povu. Akaketi kitandani.

Sote tunamjua mama mdogo, mdogo wake mama wa mwisho. Hapendi picha. Hatoki mchana bila kujifunika mtandio hadi machoni, na mashavu yake yana weusi mzito, na chini ya ngozi iliyobaki unaona mishipa. Tulijua alipaka mkorogo zamani, krimu ya kwenye kopo lisilo na jina. Hicho kila mtu wa ukoo anakijua. Mama akasema kingine.

"Kopo la kwanza nilimnunulia mimi."

Akaifuta tyubu povu kwa upindo wa kanga.

"Alikuwa na chunusi. Chunusi tu, kama wewe. Nikaona mwenye duka amempakia mwingine akatakata, nikasema nimletee mdogo wangu zawadi. Miezi sita kila mtu anamsifu, na mimi nasema ni mimi niliyemletea. Sasa niambieni nikae kimya."

Hakungoja jibu. Alijifunga mtandio, akachukua foronya na tyubu, akatoka, nasi tukamfuata hadi duka la dawa tukiwa na kandambili za bafuni.

Mfamasia aliitazama foronya, akatazama tyubu, akavua miwani. "Hamkugeuza karatasi upande wa pili?"

Dada akanigeukia. Mama akanigeukia.

"Iko kwenye sura ya tatu," nikasema.

Akachukua boksi jingine rafuni, akamwonyesha mama maandishi kwa ncha ya kalamu: dawa huchuja rangi ya nguo, taulo na nywele. "Kosa ni langu pia. Ilinibidi nimwambie kwa mdomo. Lakini mama, ngozi haichuji. Rangi ya kitambaa ilitiwa kiwandani siku moja, ikitoka haina wa kuirudisha. Rangi ya mwanao anaitengeneza mwenyewe ndani ya ngozi yake kila siku. Zile krimu unazoziogopa zinakwenda kukizima kiwanda chenyewe. Hii haifanyi hivyo."

"Nitakuaminije?"

"Usiniamini mimi. Mtazame yeye. Upande uliopakwa na upande usiopakwa, zimepishana rangi?"

Mama akamshika dada kidevu, akamgeuza kuelekea mlangoni, akamtazama kulia, akamtazama kushoto. Nafikiri siku hiyo ndipo alipouelewa ule mchezo wetu wa nusu. Pande zote mbili zilikuwa rangi moja, ile aliyomzaa nayo.

"Na aliyekwisha kuharibika?" akauliza, bila kumtaja mtu.

"Huyo hana chake kwenye rafu zangu. Apelekwe kwa daktari wa ngozi, na aende na kopo lenyewe kama bado analo. Na kama bado anapaka, asiache kwa ghafla kabla hajaonwa, krimu hizo zinaweza kumgeukia."

Mama aliitikia kwa kichwa. Tulipofika mlangoni akarudi kaunta. "Hii dawa inatoa rangi kitambaa chochote?"

"Mama, mimi nauza dawa. Sishoni."

Basi mama akaenda kutafuta jibu mwenyewe. Kesho yake nilikuta vipande kumi na kimoja vya sare vimepangwa kwenye kizingiti cha dirisha, kila kimoja na tone la jeli ya dada. Bluu ya shule moja iligeuka waridi. Kijivu kikawa kama kimemwagiwa maziwa. Kijani cha shule ya bondeni hakikutingishika hata kidogo, na mama akakitazama kwa heshima, akasema waliomuuzia kile kitambaa hawakumdanganya. Kisha akatushonea foronya nyeupe. Na mwezi uliofuata alimpeleka mdogo wake kwa daktari wa ngozi, wakashinda huko kutwa, wakarudi wameshikana mikono. Matibabu yale ni ya muda mrefu na bado yanaendelea, lakini kopo halimo tena nyumbani mwake.

Sasa nirudi kwenye daftari. Wiki ya nne kulia kumi na nne, kushoto ishirini na moja. Wiki ya tano kulia kumi na moja, kushoto ishirini. Katikati ya wiki ile bomba lilipasuka chini ya sakafu ya saluni, mafundi wakaja kuchimba, na saluni ikafungwa siku kumi. Dada alikaa nyumbani akimsaidia mama kutia vifungo. Hesabu iliyofuata kulia zilikuwa nane. Kushoto zilikuwa kumi na mbili.

Nilidhani nimekosea. Nikavuta uzi upya. Kumi na mbili.

"Huku sijapaka kitu," dada akasema.

"Labda dawa imevuka."

"Wiki tano haikuvuka, ije ivuke leo?" Akainuka, akazunguka chumba, akasimama. Alikuwa anatazama viganja vyake. "Kitu gani sijakigusa siku kumi?"

Nikasema nywele za watu. Akasema hapana, nywele si kitu. Akavinusa viganja. Havikuwa na harufu ya chochote isipokuwa sabuni, na hilo ndilo lililomshtua, kwa sababu mikono yake haikuwahi kukosa harufu ile tangu aanze kazi pale mwaka mmoja nyuma. Mafuta.

Saluni yao inajulikana kwa mafuta yake. Mwenye saluni, ambaye wote wanamwita Bosi, huyapika mwenyewe chumba cha nyuma mlango ukiwa umefungwa. Ni mazito, yanang'aa, na kila kichwa kinachosukwa pale lazima kipakwe kuanzia ukingoni mwa paji. Wasusi nao hupaka kila asubuhi, maana Bosi anasema msusi mwenye nywele kavu ni tangazo baya. Na saluni ikipata joto mafuta hayo huteremka, na wewe unafuta jasho kwa nyuma ya kiganja chenye mafuta mengine.

Saluni ilipofunguliwa dada alirudi na macho mapya. Alikuwa akisuka, anatazama mapaji. Mwalimu mmoja anayekuja kila wiki alikuwa na vipele vimejipanga kama mkanda. Karani wa benki, vilevile. Mwanamke mwenye nywele fupi anayekuja kunyoa tu, hakuna hata kimoja. Aliwatazama wateja kumi na wanne wa kila wiki, na tisa walikuwa na mkanda ule. Akaenda kumwambia mfamasia kabla hajaniambia mimi.

"Nilikuwa nadhani," mfamasia alimjibu, na dada anasema alifurahi kama mtoto. "Sikuwa na hakika. Mafuta mazito yakishuka kwenye paji yanaziba vitundu. Sasa utafanyaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Mafuta yale ndiyo yaliyoijenga saluni, na mpishi haambiwi supu yake mbaya ikiwa bado chunguni. Dada alilala nalo siku tatu. Siku ya nne aliwahi kazini kabla ya wateja, akamkuta Bosi anafagia. Bosi ni mwanamke mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara.

"Bosi, samahani. Naomba kuuliza. Mafuta yetu yana nini ndani?"

Fagio likasimama. "Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa. Ni hili paji langu." Akampa daftari.

Bosi akalisoma akiwa amesimama, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata tarakimu. "Kwa hiyo mafuta yangu mabaya."

"Kwa nywele ni mazuri, sibishi. Yakifika kwenye ngozi ya paji ndiyo yanaziba."

"Miaka kumi na miwili nayapaka watu. Hajalalamika mtu."

"Hawakujua walalamikie nini, Bosi. Hata mimi nilikuwa nalaumu jua."

"Umekuja juzi tu hapa."

"Ndiyo."

Bosi akamrudishia daftari, akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Dada akaona kazi imekwisha, akaanza kukusanya vitana vyake na kuvifunga kwenye taulo. Alikuwa ameshatia na mkasi mlango ulipofunguka. Bosi alikuwa amevua kilemba chake, kile anachokifunga chini hadi kwenye nyusi kila siku ya Mungu, ambacho wote walidhani ni urembo. Paji lote lilikuwa vipele juu ya madoa, na madoa juu ya madoa ya zamani.

"Nimenunua kila kitu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kawaida. "Kila kinachouzwa. Mwishoni nikasema ni urithi. Mama yangu naye alikuwa nazo hivihivi."

"Mama yako alikuwa anapaka nini kichwani?"

Bosi akakaa kwenye kiti cha mteja. Akajitazama kwenye kioo kile kirefu.

"Yeye ndiye aliyenifundisha kuyapika," akasema.

Hawakuyatupa mafuta. Bosi si mtu wa kutupa. Waliweka sheria: yapakwe kuanzia vidole viwili nyuma ya mstari wa nywele, paji lifungwe kwa kitambaa safi, likifunguliwa lifutwe, na msusi anawe mikono kabla ya kugusa uso wake au wa mtu. Wateja wawili walisema hawang'ai kama zamani, wakahamia saluni nyingine. Mwalimu wa kila wiki alibaki, na baada ya miezi miwili akauliza kama wamebadilisha taa, mbona anajiona amependeza.

Dada alimaliza wiki zake nane, akafunga jaribio, akaanza kupaka pande zote mbili. Wiki ya kumi na mbili zilikuwa tano jumla. Madoa bado yapo, yanafifia taratibu, na mfamasia ameshamwambia hayo ni ya miezi, si ya wiki. Na kila mwezi humtokea moja kidevuni, kubwa, isiyojali mafuta wala jeli. Hiyo anaisoma bado.

Mimi karani sikupumzishwa. Jumamosi moja niliitwa saluni kabla haijafunguliwa. Bosi alikuwa amekaa karibu na mlango, kilemba mapajani, tyubu mpya ya asilimia mbili na nusu mkononi, na taulo jeupe mabegani.

"Hesabu," akaniambia, "lakini kwa sauti ndogo. Ukuta huu una masikio."

Nikahesabu. Zilikuwa thelathini na nne.

"Huyu Chapuchapu wako alianza na ngapi?"

"Arobaini na nne."

Bosi akajitazama kwenye kioo, akageuza uso huku na huku. "Kumbe mimi nina nafuu," akasema, akanyoosha mkono apewe kalamu.